Presha ilishuka yenyewe, mume wangu akaendelea kumeza dawa

Wakuu, salamu zenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sitaongeza. Ni 2012 kuelekea 2013, nikiuza mitumba Kakuma.

Mume wangu, Baba Joy, alikuwa karani wa serikali. Presha alikuwa nayo miaka mingi. Kanisani ndiye aliyewahubiria wagonjwa wenzake: dawa ya presha ukianza, huachi mpaka kaburini. Wakongomani wa kambi ya wakimbizi walimwita "docteur", yaani daktari, na jina hilo alilipenda mno.

Kisha tumbo likaanza kujaa maji. Tukaenda hospitali ya Lodwar, wakapima. Hepatitis B ya zamani, ini limeshakuwa makovu matupu. Cirrhosis.

(Majirani wa plot tuliyopanga walishaamua ni pombe. Mtu hajawahi kuonja hata busaa!)

Daktari akamwambia, "Mzee, hizi za presha acha. Ini likifika hapa, presha hushuka yenyewe."

Baba Joy akaitikia vizuri sana. Tukarudi nyumbani, akaendelea kuzimeza kimyakimya. Kwake yeye, daktari alikuwa kijana tu na amekosea.

Haikuchukua muda. Akisimama, anashika ukuta. Mkojo ukawa kidogo na mweusi. Siku moja akaniita kwa jina la marehemu mamake. Wakuu, niliogopa, nikajiona mjane tayari.

Tulipofika tena Lodwar, nesi akamsalimia, "Ejok, mzee." Hakujibu. Presha ilikuwa chini kabisa. Daktari akataka kuona kila anachomeza, nikamwaga begi lake kitandani. Ndani ya kasha la miwani, zile dawa!

"Mama, wewe huchota maji hapo Kakuma?" daktari akauliza. "Mifereji yote ikifunguliwa pamoja, wa mwisho anapata?"

"Hapati kitu."

"Basi. Mgonjwa wa ini, mishipa yake ya tumboni imeshafunguka yenyewe. Hii dawa inazidi kuifungua mishipa. Presha inaanguka, ini na figo vinakosa damu."

Wakazisimamisha, wakamwekea drip. Mkojo ukarudi polepole, na akili pia.

Nilikuwa nimejipanga kumgombeza. Akaniwahi: "Mama Joy, niliogopa kuacha. Nimezika watu walioacha."

Nikamshika mkono tu.

Ini halikupona. Alifariki 2013. Lakini kabla ya hapo alimpeleka Joy form one mwenyewe, na alisimama tena kanisani mbele ya wale wale akawaambia: ninyi endeleeni na dawa zenu, mimi nimeachishwa kwa sababu ya ini, kila mtu amuulize daktari wake. Kwa alivyokuwa mbishi, hilo halikuwa jambo dogo.

Nilichojifunza: dawa ilikuwa ile ile iliyomtunza miaka yote. Kilichobadilika ni ini.

Madaktari wa humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe uliye na mgonjwa wa ini nyumbani, usicomment kwanza. Nenda kaulize anameza nini, ukirudi utuambie.