Hisa za Baba Mkwe

Laiti ningekataa kumwandikia baba mkwe hisa nyingi kuliko zangu. Mali yote ya kampuni niliyoanzisha ilikuwa mashine yangu ya kusaga mahindi pale Kebirigo. Yeye alikuja kwa wakili mjini Kisii kwa sababu sheria ilitaka wenye kampuni wawe wawili.

“Nani atakuwa na hisa nyingi?” wakili aliuliza.

Kwetu mtu hakai juu ya baba wa mkewe, hata kwa kiti. Nikajibu kwa majivuno ya msomi wa sekondari, “Mwandikie mzee. Ni heshima tu.”

“Una hakika?”

Nikatia sahihi huku nikitabasamu.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa kampuni, nilisimama nikatangaza kwamba mimi, mkurugenzi, nitanunua mashine ya pili. Shemeji yangu akaangua kicheko.

“Mkurugenzi gani? Baba ameshaniweka mimi!”

Nikamgeukia wakili.

“Kila hisa ni kura, na mzee ana nyingi,” akasema. “Nilikuuliza.”

“Mwanangu,” baba mkwe akasema kwa upole, “si ulinipa mwenyewe?”

Kubishana na mkwe ni aibu. Nilimkabidhi shemeji funguo mbele ya watu wote, na mashine niliyoinunua kwa jasho la shamba langu la chai sikuipata tena.