Jani la Chai Kwenye Sura ya Mwisho

Mhudumu wa mochari hapa Kapkatet anaongoza kwa idadi ya vitabu katika shindano la kusoma riwaya likizo hii ya Agosti, na Yunia, mtunza maktaba ya kanisa, haamini hata kidogo. Mikono ya mhudumu huyo inanuka dawa, sauti anaishusha kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Wahusika anawasengenya kama majirani, lakini ukimuuliza hadithi iliishaje, anapangusa jalada kwa kiganja na kuomba riwaya nyingine. Njia ya mwongo ni fupi, Yunia akawaza, akamfichia jani la chai kwenye sura ya mwisho ya riwaya aliyoazima. Kitabu kikarudi, jani halijasogea.

"Wewe husomi, unatudanganya!"

"Nasoma, madam. Lakini mwisho wa watu nauona kazini kila siku. Hawa nawaacha wakiwa hai."