Kutu ya Kigwa

Kutu iliyolowana na mafuta ya taa ina harufu yake. Watu husema ni kama damu, lakini mimi naona ni kama sarafu iliyoshikwa kiganjani mpaka ikatoa jasho. Mwaka huu nimeikuta tena Nzega, nilikolala nikisubiri gari. Mimi ni mtu wa kulala nikisubiri magari. Kijana mmoja hapo jirani hutengeneza mabasi madogo ya plaiwudi, na alikuwa na unga wa kutu wa aina mbili wa kuyachakaza, mmoja wa kuagiza mtandaoni, mwingine wa kusaga mwenyewe. Akaniuliza upi mzuri. Kabla sijamjibu nilikuta nimeshalowesha kidole gumba na kuanza kusugua.

"Kumbe mama unayajua haya!" akacheka.

Nayajua. Nilijifunza utotoni, mtaani kwetu Isevya, katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikimchunguza jirani niliyemshuku.

Baba yangu alikuwa seremala. Milango na vitanda ndivyo vilivyotulisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye treni. Alichonga mabehewa madogo kwa masalia ya mninga, akayavika bati la makopo, hata vitasa vya milango vikawa vinazunguka. Tena hakupenda kazi inayong'aa. "Behewa jipya ni sanduku tu," alikuwa akisema. "Behewa ni lile lililofika Kigoma likarudi." Kwa hiyo akishamaliza kulipaka rangi, alilizeesha: masizi ya koroboi kwenye paa, majivu kwenye magurudumu, na kutu pale ambapo maji ya mvua hutiririka chini ya misumari.

Kutu ndiyo iliyokuwa na maneno. Baba mdogo aliyeishi Kigwa aliikwangua kwenye vyuma vikuukuu kando ya reli, akatutumia. Tuliitwanga, tukaichekecha kwa kipande cha kanga, kisha kazi ya kulinganisha ikawa yangu. Nilichora mistari kwenye ubao wa rangi ya kijivu: kutu ya Kigwa, udongo mwekundu, unga wa tofali. Nikaisugua kwa kitambaa kikavu, nikaianika mpaka alasiri, nikaidondoshea maji. Udongo uliondoka wa kwanza. Unga wa tofali ulikuwa mnafiki: ukilowa ni kutu tupu, ukikauka unakuwa wa waridi kama fizi za mtoto mchanga. Kutu ya Kigwa ilibaki, nyeusi katikati, rangi ya chungwa pembeni.

Ng'ambo ya ua wetu wa mabua aliishi Mzee Mwinshehe, Mzaramo, fundi wa kupaka rangi malori. Naye alichonga vijilori vyake vidogo na kuvichakaza. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipobeba mizigo mpaka pwani na mababu zake wakawapokea na kuwacheka miguu yenye vumbi. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anaondoka na kuku, nawe huruhusiwi kukasirika. Mama alicheka. Mimi niliona hiyo ni sheria iliyotungwa na wezi.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nisilale vizuri. Paroko alitaka treni ya zamani ya kuchonga iwekwe kwenye ukumbi wa parokia, kichwa na mabehewa yake yote. Mafundi wawili, baba na mmoja wa Nzega, waliambiwa kila mtu alete behewa moja la kuonyesha. Wakati huo wateja wa milango walikuwa wamempungua baba. Wengine walilalamika kwamba rangi haikulingana. Akamwambia mama, nami nikasikia: "Kazi hii ikinipita, tunarudi Kigwa tukalime." Kwangu hiyo ilimaanisha kuiacha shule, kuwaacha rafiki zangu, kila kitu.

Ndipo nikagundua kwamba kutu yetu imepauka. Nilichora mstari, ukakauka waridi. Mtu alikuwa ametia unga wa tofali ndani ya kopo la kutu! Na nilijua ni nani. Siku chache nyuma nilikuwa nimemwona Mzee Mwinshehe akishuka kwenye gari lililotoka Nzega, akipiga mluzi. Huko Nzega si ndiko alikokuwa yule fundi aliyeshindana na baba?

Nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Mchana mmoja, baba akiwa ameenda tena kutafuta gundi, mkono ukapita juu ya ua. Niliutambua kwa madoa ya rangi. Ukachukua kopo letu, ukaweka lingine mahali pale pale, ukarudi taratibu kama mjusi.

Sikupiga kelele. Nilichukua ubao wangu, nikapima. Nikasugua, nikaanika, nikadondosha maji, nikakamulia na ndimu. Mstari ukakaa kimya, mweusi katikati, chungwa pembeni. Ilikuwa kutu safi, laini kuliko yetu ya siku zote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwizi anayeacha kizuri na kuondoka na kibaya ana jambo. Niliamini ni kutu yenye dawa, itakayogeuka rangi siku ya paroko.

Baba aliporudi nikamweleza yote. Alisimama pale uani akapaza sauti:

"Mwinshehe! Umekula kutu yangu?"

"Nimeila, mpagazi! Haina chumvi. Nyie hata kutu hamjui kuunga?"

"Babu yako alikula nini, si mzigo aliobebewa na babu yangu?"

"Na akamlaza barazani. Babu yako alikoroma mpaka nazi zikadondoka!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikaribia kulia. "Baba, si ametuibia?"

"Mtani haibi, Kabula. Mtani anachukua." Kisha akaushika ubao wangu, akaupitishia kidole, akaniuliza polepole, "Hii aliyoiacha, wewe unaionaje?"

"Nzuri kuliko yetu. Ndiyo maana usiitumie."

Akaitumia.

Siku ya paroko nililikodolea macho lile behewa nikingoja ligeuke. Paroko alilitoa mlangoni kwenye jua, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa. "Hili limelala nje masika mengi," akasema, na kazi ikawa ya baba. Mzee Mwinshehe, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa amesimama nyuma. "Paroko, usimpe huyu! Ataibeba treni kichwani!" Watu wakacheka. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na niliendelea kulinda makopo mpaka behewa la mwisho lilipomalizika.

Nilikuwa sekondari baba alipopelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alituambia ugonjwa ulianza miaka mingi iliyopita, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo huanza kwa kuchanganya rangi. Nikakumbuka milango isiyolingana. Nikakumbuka kopo, na nikajua mkono uliotia unga wa tofali ulikuwa wa nani. Nilimhurumia baba: niliona kwamba mtani wake alimsaidia kama mtoto bila yeye kujua.

Kisha Mzee Mwinshehe akafariki. Jeneza lilipoanza kutolewa, baba alijitupa chini kwenye kizingiti, kanzu ya kuazima imejaa vumbi.

"Hatoki mtu! Huyu mwizi ana kopo langu! Kutu safi ya Kigwa, akaniachia uchafu wake!"

Wafiwa wakacheka huku wakilia, ndivyo watani wanavyofanya. Mtoto wa marehemu akamrushia vijisenti, kama desturi inavyotaka, ili apishe. Baba hakuinuka. Nilimwinamia nimshike mkono, nikamsikia akisema, kwa sauti isiyokuwa ya utani tena, "Haitoshi. Kwa ile kutu aliyonipa, haitoshi."

Mimi nilijibanza nyuma ya pipa siku zote zile nikidhani katika ua wetu nilikuwa peke yangu ninayeona. Kumbe baba, ambaye hakuweza kutofautisha tofali na kutu, alikuwa ameuona ule mkono tangu mwanzo, na kila alipokwenda kutafuta gundi alikuwa akiupisha upite.