Firigisi ya Baba

Juzi pale stendi ya Vwawa niliona wasichana wa sekondari wakila firigisi za kukaanga huku wakicheka, nikakumbuka jiko letu la Mbozi.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na harufu ya moshi, na ya maganda ya kahawa yaliyochacha huko nje. Mama alipika kuku kwa sababu kaka Lusekelo alikuwa amefaulu mtihani. Kwetu firigisi ilikuwa ya wanaume. Baba aliila na kummegea kaka kidogo. Na kwa kuwa baba alizoea kusema wanawake hawana akili, mimi nikaelewa kwamba akili zimo kwenye firigisi.

"Mama, sasa sisi tule nini ili tupate akili?"

Mama aliacha kukoroga, akanitazama. Kisha akakata kipande cha firigisi, akanitia mdomoni.

"Hebu nionjee chumvi."

Nilitafuna polepole, nikisubiri akili ziingie.

Baba alipopakuliwa, aligeuzageuza nyama kwenye bakuli. "Kuku wa siku hizi wana firigisi ndogo kweli."

"Ndogo sana, baba Lusekelo," mama akaitikia kwa upole.

Mimi nikainama, nikanyamaza. Kumbe akili zilikuwa zimeshaingia.