Dumu Mlimani

Maji yakianza kuingia kwenye dumu tupu hupiga kelele nene, kisha sauti inapanda, inakuwa nyembamba, mpaka unajua limejaa hata bila kuangalia. Kila asubuhi hapa Bariadi mjini naisikia sauti hiyo bombani nje ya dirisha langu, na kila asubuhi nacheka peke yangu. Mume wangu ameshazoea.

Nilikulia kijijini upande wa Dutwa, kwenye pamba na ng'ombe, na kwetu kuchota maji ilikuwa kazi ya mtoto wa kike. Tulichimba kwenye mchanga wa mto, tukasubiri maji yajikusanye, tukayachota kwa kikombe. Kwa hiyo kikundi cha vijana cha kanisani kilipotangaza kwamba Jumamosi tutapanda mlima kwenda kuona maporomoko, mimi wala sikuwaza mlima. Niliwaza kupata siku nzima bila ndoo kichwani.

Alfajiri, nikiwa mlangoni na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga zangu zimefungwa kwenye kitenge, mayu, yaani mama yangu, akaniletea dumu. Lile la njano lililokuwa la mafuta ya kula, ambalo kifuniko chake kilipotea zamani tukawa tunaliziba kwa gunzi la mahindi.

"Mayu, tunaenda kutembea tu!"

"Kwani nimekukataza kutembea? Yaani ufike mpaka kwenye maji, halafu urudi mikono mitupu?"

Nililia kidogo, lakini dumu nililibeba.

Wenzangu walikuwa njia panda, wamevaa kama siku ya sikukuu. Rafiki yangu Minza aliponiona alikaa chini kabisa kwa kicheko. "Kabula, umetumwa bombani?" Hata kaka Masanja, kiongozi wetu, ambaye kwa kawaida hakumcheka mtu, aligeuza uso. Nilitamani kulitupa kwenye shamba la pamba. Lakini ninavyomjua mayu, angelitafuta mche kwa mche.

Mlima ulipokuwa mkali, dumu likaanza kugonga mawe, ngo, ngo, na Minza huyohuyo, huku akihema, akaanzisha wimbo wa kulimia kwa kufuata mlio ule. Tukaitikia wote. Miguu ikasahau kuuma. Tulipokuwa tunauzoea wimbo tukasikia mngurumo mbele yetu, nami nikadhani ni lori, ingawa barabara tuliiacha chini kabisa.

Jamani, yale maji! Kwetu maji hulala. Yamelala lamboni, yamelala chini ya mchanga. Haya yalikuwa yamesimama wima kwenye jiwe jeusi, meupe, yanamwagika bila mtu kuyachota wala kuyagombania. Tuliingia na nguo zetu. Meno yaligongana kwa baridi, nikapiga makelele nisiyojua ni ya nini, na nilifurahi mpaka nikaogopa. Dumu likawa ngoma, na walewale walionicheka wakawa wanaligombania kulipiga.

Wakati wa kurudi nililijaza, nikaliziba kwa gunzi. Kaka Masanja akaliangalia, akasema, "Hilo tutapokezana." Tukapokezana mpaka kijijini, Minza akilalamika zamu yake yote.

Nilifika nyumbani ng'ombe wakiingia zizini. Mayu akatoa gunzi, akamimina maji kidogo kiganjani, akanywa. Nilisubiri aseme kwamba mengine yamemwagika njiani.

"Yanapiga kelele?" akauliza.

"Sana, mayu."

"Yanaanguka vipi? Hebu nionyeshe."

Nikapanda kwenye kigoda, nikayamimina kwenye beseni.

"Juu zaidi."

Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikainua dumu mpaka juu ya kichwa changu. Na mayu, ambaye aliwahi kunichapa kwa kumwaga kikombe kimoja tu, akaweka viganja chini ya maji yale, halafu uso, halafu akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Karibu dumu lote liliishia uani. Kuku wakaja wakanywa.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu ndipo nilipoelewa. Mayu aliuona mlima ule kila siku tangu alipoolewa, akiwa shambani na jembe, na hakuna aliyewahi kumwambia twende. Hakujua kuomba kitu kisicho na kazi ndani yake. Kunipa dumu ndiyo ilikuwa namna yake ya kwenda na sisi, na mimi nilidhani ananinyima siku yangu.

Mwaka huu mvua zimekolea. Jana nimempigia simu, nikamwambia Jumamosi namfuata tupande mlima wote wawili, polepole, na asibebe chochote.

"Sawa, sibebi," akasema. "Dumu utabeba wewe."