Barabara Niliyoinyoosha

Mimi ndiye niliyechora barabara ya mtaa wetu, pale Munyaka. Nilikuwa mchoraji wa ramani katika kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kuweka lami, na majirani walifurahi kwamba mtu wao ndiye ameshika kalamu.

Tuliwaita mkutanoni Jumamosi moja, nje ya kanisa. Mama aliyekuwa akiuza maziwa kwenye kona ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mjane, nyumba yake na yangu ukuta mmoja, na ndiye aliyempikia binti yangu uji mke wangu alipolazwa.

“Hii barabara iacheni na kona yake,” alisema. “Gari ikifika hapo lazima ipunguze. Watoto wanacheza hapo, na sisi tunauza hapo. Mkiinyoosha, mtatumaliza.”

Watu wakapiga makofi. Wakaomba matuta na njia ya miguu. Niliandika yote.

Mkubwa wangu alipoona mchoro alicheka. “Hii ni barabara ama njia ya ng'ombe? Nyoosha.”

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita tu. Nikanyoosha. Matuta nikayafuta, na njia ya miguu nikaiondoa ili mtaro upate nafasi. Sikumwambia mtu.

Lami ilipokauka, pikipiki na pikapu za mahindi zilianza kupita kwa kasi ya ajabu. Mama alisogeza meza yake nyuma mpaka ukingoni mwa mtaro. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Aligongwa asubuhi ya mvua, akivuka na mtungi wake. Nilikuwa nanyoa ndevu niliposikia breki. Nilimkuta ndani ya mtaro, maziwa yametapakaa juu ya lami. Alikata roho kabla hatujafika hospitali, kichwa chake mapajani mwangu.

Kwenye matanga, mwanawe, ambaye ni mwalimu, aliniuliza mbele ya watu, “Si mama aliwaambia? Si wewe uliandika?”

“Niliandika.”

“Halafu?”

Nikamweleza nilivyofuta. “Tafadhali toka hapa kwetu,” akasema.

Wiki iliyofuata majirani walileta mawe na udongo, wakajenga tuta wenyewe. Nilienda na koleo langu. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniongelesha. Tulifanya kazi mpaka saa sita, kisha wakaingia kwa marehemu kunywa chai, nami nikarudi kwangu.