Mpira wa Baiskeli Ukweni

Jamani, hili nimelificha muda mrefu, na hata leo nikilisema uso unanishika moto, lakini acheni niseme tu, maana aliyeumia si mimi peke yangu.

Mimi ni mwalimu, miaka kumi na nane nimesimama mbele ya ubao, na mishipa ikaanza kujikunja kwenye vigimbi kama minyoo, ikifika jioni miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nesi wa zahanati alinieleza vizuri: damu inashindwa kupanda kurudi juu, kwa hiyo funga bandeji ya kuvutika, anzia vidoleni upande hadi chini ya goti, tembeatembea, na ukikaa inua miguu. Nikafuata, nikapata nafuu.

Ikafika siku ya kwenda Lizaboni kumposea mwanangu Kasiani. Nikajitazama na ile bandeji, nikaona aibu, niende ukweni kama majeruhi? Nikaivua. Nikavaa soksi ndefu za nailoni nilizonunua sokoni Majengo (mitumba ndiyo kwanza imemwagika, kila mtu anavaa Ulaya), ila lastiki zake zilishakufa, zinateremka, nami kwa akili zangu za kialimu nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikazikaza chini ya magoti. Zikatulia.

Kule nikapiga magoti mkekani kusalimia wakwe, kama ilivyo desturi, na mshenga wetu akafungua mdomo asiufunge. Mpira unakata, miguu inajaa, inakufa ganzi, nami natabasamu tu.

"Haya mama, inuka umkabidhi bibi wa binti khanga zake za posa," mshenga akasema.

Nikainuka sina miguu. Nikaanguka, kigimbi kikajikwaruza kwenye kona ya stuli, mshipa ukapasuka, damu ikaruka mpaka kwenye khanga zenyewe.

"Mlazeni! Mguu juu!" Alikuwa shangazi wa binti, naye ni nesi (bahati yangu, na balaa langu). Nikalazwa chali, mguu juu ya kiti, gauni limeporomoka, na baba wa binti, mtu ambaye sikupaswa hata kumtazama usoni, anautazama mpira wa baiskeli. Shangazi akaukata kwa wembe, akagandamiza kitambaa, damu ikakoma.

"Nani amekufunga hivi, mama?"

"Mimi mwenyewe."

Baba wa binti akangoja niketishwe vizuri, ndipo akasema, "Mama, pole sana. Lakini posa imeingia damu. Tuiache." Nililia palepale mbele yao, wala sikujificha. Kasiani akazikunja zile khanga, tukarudi nazo nyumbani.

Mwaka uliofuata binti akaolewa huko Nalasi. Nami niliapa, bandeji siivui tena kwa ajili ya macho ya watu, hata nikiitwa Ikulu nitakwenda nayo. Ila siku hizi mgongo unagoma kuinama, kwa hiyo anayenifunga ni Kasiani, kila asubuhi, anaanzia vidoleni anapanda polepole. Hajaoa mpaka leo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na bora angenilaumu.